Mkufu Shingoni mwa Mama

"Ni ule mkufu wako wa bandia, wifi," mke wa kaka yake alisema huku akipanga sahani mezani. "Umemchubua mama shingo nzima. Zawadi nyingine bora mtu ubaki nazo mwenyewe."

Majirani wawili walioalikwa wakacheka. Aliyeambiwa hakucheka. Alikuwa tabibu wa ngozi, na macho yake yalikuwa yameshanasa shingoni mwa mama yake: ngozi nyeusi, kavu, yenye magamba, imezunguka kama ukosi na kukomea pale gauni lilipoanzia. Akampandishia mikono ya gauni. Migongo ya viganja ilikuwa imeungua vilevile, huku na huku sawasawa. Juu ya vifundo vya mikono, palipofunikwa na nguo, ngozi ilikuwa laini. Pembe za mdomo zimepasuka. Ulimi mwekundu kama uliomwagiwa maji ya moto.

"Na mikononi alivaa mkufu?"

"Hilo jua. Anashinda nje, mbishi kama mtoto."

"Jua linatupiga sote. Linamchoma hivi mtu aliyekosa niasini, vitamini B ya kwenye nyama na maharage." Akamgeukia mama yake. "Mama, hapa unakula nini?"

Mama akamtazama mkwewe kwanza. "Uji wa mahindi."

"Na nini?"

"Na uji."

"Meno hana!" mke wa kaka akadakia. "Nyama atatafuna na nini, fizi?"

Kaka akazama kwenye glasi yake.

Hasira ilimpanda dada mtu, sauti haikupanda. Angeweza kumchukua mama waondoke, lakini nyumba ilikuwa ya mama. Akavuta sahani ya wifi yake, yenye kuku na maharage, akaiweka mbele ya mama na kuichambua nyama nyuzi nyuzi. Bakuli la uji la mama akamsukumia wifi yake.

"Kuanzia leo mnabadilishana. Nina likizo ya mwezi mzima, nitakuwepo kila mlo. Asiyetaka, mlango ule pale."

"Wifi! Mbele za watu?"

"Mkufu wangu uliusingizia mbele za nani?"

Mke wa kaka akamgeukia mumewe amtetee. Mumewe akamsogezea chumvi. Wageni wakamkodolea macho. Mke wa kaka akashika kijiko.

Mama alimeza kuku taratibu, akaramba vidole kimoja kimoja.

"Kula, mkwe wangu," alisema kwa upole. "Ukipoa huo, unaganda."