Baiskeli ya Mama Mkwe

Binti yangu Lynette anaamini kwamba mtu akishapita miaka sitini na tano, kinachobaki ni kukalishwa. Tangu goti langu la kushoto lianze kiburi, kila akinipigia simu kutoka Kakamega mjini tunaishia pale pale: chumba kipo, kina dirisha kubwa, nihamie kwao. Mimi nimeishi Matete tangu nilipoolewa. Mume wangu nimemzika hapa, ng'ombe wangu wako hapa, na madirisha ninayo ya kutosha.

Nilikuwa na kinga moja tu, nayo ni mume wake. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na mmoja hakalii kiti alichokalia mwenzake, mpaka siku mkwe atakapomletea mama zawadi na mama aipokee kwa mkono wake mwenyewe. Chrispinus, ambaye namwita Baba Navalayo kwa jina la mjukuu wangu, amejaribu. Alileta blanketi, likarudi mjini. Alileta mbuzi, naye akarudi kwa pikapu ile ile iliyomleta, akinitazama njia nzima. Nilikataa kwa adabu, lakini nilikataa. Nilijua nikipokea tu, mwiko umekwisha, na mwiko ukiisha sina tena sababu ya kutolala chini ya paa lake. Kwa hiyo kila Lynette alipotaja chumba, nilimwambia heshima ya mume wake hainiruhusu, naye akanyamaza, maana tulimlea vizuri.

Kazi yangu ilikuwa afisa wa kilimo, na mashamba yote ya upande huu niliyazunguka kwa baiskeli. Nilipostaafu, baiskeli haikustaafu. Kila Ijumaa nilivuka mto, nikapanda kilima, nikafika kwa rafiki yangu Chepng'etich, ambaye chai yake ina maziwa kuliko maji, na ambaye ndiye mtu pekee aliyebaki wa kunicheka mbele ya uso wangu. Goti lilipogoma, nikawa nafika mtoni na kugeuka. Nikajaribu bodaboda, kijana akanimwaga mtaroni. Lynette aliposikia hayo, alinunua kitanda.

Basi nikakata shauri. Baba Navalayo ana duka la baiskeli, na siku hizi anauza zile za stima, zenye mota na betri, za kupanda milima. Nikamwambia Lynette nataka moja, na kwamba nanunua, sipewi: mtamba wangu wa Friesian angehamia kwao badala yangu. Lynette alicheka, kisha akaweka sharti. Nikipanda kile kilima mwenyewe na kurudi mzima, hatataja chumba tena. Nikishindwa, nifunge virago. Nilikubali haraka mno.

Walikuja Jumamosi na baiskeli mbili kwenye pikapu. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ilikuwa tope tupu. Baba Navalayo alisimama mbali, kando ya ua, kofia mkononi, macho chini, akanisalimu kutoka huko huko. Nikaona viti vya baiskeli zote mbili bado vimefungwa nailoni. Lynette akanieleza kwamba mume wake huijaribu kila baiskeli yeye mwenyewe kabla ya kuiuza, ndiyo maana asubuhi yote alikuwa anang'oa viti alivyokalia na kufunga vipya, nisije nikavunja mwiko bila kujua. Jambo hilo lilinigusa sana, ila sikumpa Lynette raha ya kuliona usoni.

Baiskeli ya kwanza ilikuwa chaguo la Lynette: nyeusi, kubwa, yenye nguvu kuliko zote dukani. Chuma chake cha juu kilikuwa juu kweli kweli. Kuipanda ilibidi nirushe mguu kama mwizi anayeruka ua, na sketi haikupenda. Nikakanyaga pedali kidogo tu, mota ikaamka yote kwa mpigo, ikaondoka nami kabla sijamuaga mtu. Lynette alibaki jikoni akipika kuku. Baba Navalayo akanifuata kwa miguu, mbali kwa heshima, karibu kwa wasiwasi.

Kabla ya daraja nilishika breki, tairi la mbele likateleza, nikaenda chini ubavu ubavu, baiskeli juu ya mguu wangu.

Alikuja mbio. Kisha akasimama ghafla, hatua chache kutoka nilipolala, mikono imenyooka mbele yake, haiendi wala hairudi. Nikamwambia asiguse chochote. Huko kilimani hatakuwepo, nilitaka kujua nitaweza nini peke yangu. Nikauchomoa mguu, mzima, goti likinitukana. Nikashika nguzo ya ua wa miwa, nikasimama. Kisha nikajaribu kuiinua ile baiskeli. Nilivuta kwa usukani, nikavuta kwa kiti, nikasukuma kwa bega. Haikutaka. Ilikuwa nzito kama ndama aliyekataa kusimama.

Nilipogeuka, Baba Navalayo alikuwa analia. Mwanaume mzima, fundi wa mjini, machozi yanashuka bila kufutwa.

"Mama, mimi nasimamanga tu kama nguzo," alisema. "Wewe umeanguka, na hii mkono yangu iko hapa, haina kazi."

Nilimwambia aondoe lile zimwi jeusi na alete ile nyingine.

Aliileta akiisukuma, akitembea kando yake kwenye tope lote lile, kwa sababu ya kile kiti. Hiyo ilikuwa ya kijani, chuma chake kimeinama katikati, nikaivuka kama navuka kizingiti. Akanieleza kutoka mbali kwamba mota yake haikurupuki, inapima mguu unakanyaga kiasi gani na kuongeza hapo. Breki zake hata kidole kimoja kinatosha. Betri inatoka, naweza kuichaji mezani. Nikamuuliza kwa nini hakuitoa hii kwanza.

"Lynette alipenda ile ya nguvu," alisema. "Mimi nilichagulia Mama hii. Lakini nani ananiulizanga?"

Niliilaza chini makusudi, kwenye tope, nikaiinua. Ilikuja. Nikailaza upande wa pili, nikaiinua tena. Hapo nikajua nimepata yangu.

Nikavuka daraja. Kilima kilipoanza, nilikaza meno nikisubiri goti linikatalie pale linapokatalia siku zote, kwenye mkaratusi uliopinda. Nikakanyaga, na baiskeli ikakanyaga pamoja nami, taratibu, kama mtu anayekusaidia kubeba gunia bila kukunyang'anya. Jasho lilinitoka, pumzi zilinipanda, lakini mkaratusi ulipita, ukabaki nyuma. Juu kabisa nikaliona bati la Chepng'etich. Alinikuta langoni kwake nimepakwa tope upande mmoja wa mwili, akacheka mpaka akashika lango. Sikumbuki lini nimefurahi hivyo. Alitaka niingie. Nikamwambia aweke chai kwanza, kuna mtu ananisubiri mtoni.

Alikuwa bado pale pale darajani. Mkononi alishika kengele ya baiskeli, ndogo, inang'aa. Alisema alisahau kuifunga, atampa Lynette anipe.

Nilishuka. Nilifikiria chumba chenye dirisha, nikaona hakinitishi tena. Kilima nimekipanda.

"Lete," nikasema, nikanyoosha mkono.

Aliutazama mkono, akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza machoni tangu amwoe binti yangu.

"Mama, hiyo itakuwa zawadi," alisema polepole. "Mama atapokea?"

"Napokea. Wazee wakiuliza, waambie mama mkwe wako alitaka kengele."

Akaiweka kiganjani mwangu, na kabla hajaurudisha mkono wake nikaushika. Tope langu likamwingia yeye. Ulikuwa mkono mgumu, wenye joto. Tulisalimiana pale kwa muda mrefu, tukiulizana habari za nyumbani kama watu waliokutana leo, naye akajibu kila swali. Kisha akaifunga kengele kwenye usukani, tukarudi, yeye akitembea kando yangu kabisa.

Lynette alikuwa mlangoni na mwiko wa kupikia mkononi. Alitazama tope kwenye sketi yangu, akatazama tope lile lile kwenye mkono wa mume wake. Mtoto wangu si mjinga. Alianza kutabasamu polepole, nikajua kinachokuja.

"Kwa hivyo mmeshasalimiana," alisema. "Sasa Mama, utahamia lini?"

Nikamwambia kilima nimekipanda, na mtamba amefungwa nyuma ya nyumba, asisahau kumpakia. Nikageuza baiskeli, nikapiga kengele, nikaelekea kwenye chai yangu. Baba Navalayo ndiye aliyenifungulia lango.