Sauti Iliyobaki kwenye Mzani

Wiki chache kabla ya uhuru, katika ghala moja la kahawa mjini Gitega, Zihalirwa aliteleza kwenye ubao wa kupandia lori na gunia la kilo mia likamwangukia mgongoni. Wenzake walipoliondoa alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Alikuwa Mshi wa upande wa Bukavu, mcheshi, na hata pale chini aliuliza kama kahawa iko salama.

Houssein Waziri, aliyekuwa akishona midomo ya magunia na ndiye kiongozi wa sendika, chama cha kutetea wapagazi, aliweka sindano chini akapanda juu ya mzani mkubwa. Alisema mtu si lori. Alisema gunia lipunguzwe, liwe la kilo sitini. Alisema kwa sauti nene iliyofika hadi sokoni, wauza ndizi wakaacha kupatana bei. Kisha akashuka aombe maji, akafungua kinywa, kisitoke kitu. Sauti ilikuwa imebaki juu ya mzani, ikirudia habari ya kilo sitini.

Karani wa mzani aliipima: kilo mbili na nusu. Tangu hapo akawa anaitoa kwenye kila hesabu.

Direkta, mkuu wa ghala, alikuja, akaisikiliza, akaiamuru ishuke.

"Magunia kwanza," sauti ikajibu.

Kwa kuwa hakukuwa na njia ya kuifukuza sauti kazini, direkta alimhamisha mwenye sauti, akampeleka ghala la Muyinga.

Mke wa Houssein, Zuena, hakumfuata. Kila jioni sauti ilitoka kazini ikaja nyumbani, mtaa wa Waswahili, ikapiga hodi kwa adabu, ikamwuliza ameshindaje. Houssein, alipokuwa nayo, hakuwahi kuuliza hivyo.

"We nenda," Zuena alimwambia akimfungia nguo. "Mi nabaki na ile yenye kuongea."

Muyinga walimpokea kama mtu wa hekima, maana alimsikiliza kila mtu na hakumkatiza yeyote. Uhuru ukaja, vyama vikaota kama uyoga, na chama cha kisoshalisti cha huko kikagawanyika makundi matatu kabla hakijapata hata kiti cha mwenyekiti. Kila kundi lilimwendea Houssein, na kila kundi lilikuta anakubaliana nalo, kwa sababu alitikisa kichwa. Wakamchagua mwenyekiti kwa kauli moja, ambayo haikuwa yake.

Alipewa suti, gari, na katibu aitwaye Léonard wa kumsemea. Huko Giteranyi wakulima waliegesha baiskeli, wakamtazama amesimama jukwaani kimya, wakapiga makofi hadi viganja vikauma.

"Huyu sasa ndiye kiongozi," mama mmoja alisema. "Hajatudanganya hata neno moja."

Wapagazi wa Muyinga nao walikuja kumwuliza habari ya magunia. Aliwatikisia kichwa. Mwanzoni kooni paliuma alipofanya hivyo. Baadaye pakaacha kuuma.

Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba sherehe za uhuru zitafanyika Gitega, mbele ya waziri wa serikali, na kila mwenyekiti wa chama atahutubia mwenyewe. Léonard akasema basi hakuna budi, mheshimiwa aende akachukue sauti yake.

Walimkuta Zuena akisonga ugali. Sauti ilikuwa karibu na mafiga, ikimsimulia mambo ya ghalani. Houssein aliketi mkekani na suti yake. Zuena alimnawisha mikono, akavigeuza viganja, akaona vimekuwa laini kama vya bibi harusi. Alimwongezea ndagala, vile visamaki vya ziwani.

"Mama, mheshimiwa anaomba sauti yake," Léonard alisema. "Ni ya sherehe tu. Tutairudisha."

"Kule Muyinga gunia iko na kilo ngapi?" sauti ikauliza.

Houssein aliinama. Léonard akakohoa. "Mia. Lakini komisio ya chama inaangalia hiyo kitu, kabisa."

"Basi mi niko na kazi bado."

Houssein akaanza kulia. Kilio chake hakikuwa na mlio, machozi tu yalidondokea ugali, na Zuena, aliyekuwa ameapa kutomhurumia, akaigeukia sauti. "Mwenzangu, mpe hata njia moja."

Sauti ilifikiri. "Kesho aje ghalani. Abebe gunia moja ya kilo mia, atoke nayo hapa kwa mzani mpaka ndani ya lori. Akifika, nitaingia."

Asubuhi Zihalirwa, ambaye siku hizi alitembelea magongo na kulinda lango, alimfungulia. "Karibu, ndugu. Vua koti, itapasuka."

Houssein hakuvua. Mpagazi aitwaye Uthmani na wenzake wakamtwika. Koti likapasuka mgongoni, lakini alikwenda, na ghala zima likasimama kumtazama, wengine wakimwombea dua. Katikati ya ubao, sauti ilimwonea huruma. Ilitoka mzanini, ikamwingia kooni kabla ya wakati.

"Nishusheni!" Houssein alipiga kelele.

Wakamshusha. Karani akautazama mzani: sufuri.

Mchana alipanda jukwaani na koti lililoshonwa haraka. Alikusudia kusema habari ya kilo sitini. Zuena, aliyekuwa kwenye umati, aliliona neno likimpanda shingoni. Kisha waziri akamtabasamia kutoka safu ya mbele, akamwonyesha kiti kilichokuwa wazi kando yake.

"Wapagazi wetu," Houssein alisema kwa ile sauti nene, "ni watu wa mgongo imara. Uhuru wetu umekaa juu ya mgongo huo."

Wauza ndizi waliacha kupatana bei. Watu walishangilia, na Zihalirwa aliangusha gongo moja ili naye apate mkono wa kupigia makofi. Zuena akaenda nyumbani kabla hotuba haijakwisha.

Jumatatu, kwa heshima ya maneno hayo, yaliletwa ghalani magunia mapya yenye nembo ya chama. Yalikuwa na nguvu kuliko ya zamani, na kwa sababu hiyo yalijazwa kilo mia na kumi. Uthmani alijitwika la kwanza.

"Iko sawa?" Zihalirwa alimwuliza kutoka langoni.

"Iko," Uthmani akajibu, akapanda ubao.