Sakafu Iliyolowa Sabato

Sabato ya tatu mfululizo, Bi Khmisa aliamka kutoka usingizi wa mchana akakuta sakafu ya sebuleni imelowa. Si yote, kipande tu, karibu na kiti cha mumewe, Mzee Fraji. Lakini kiling'aa, na kilinukia maji ya maua ya mchungwa.

"Amepiga deki," alijisemea. Kufagia vigae kwa ufagio laini, sawa, hata bibi yake alifagia. Lakini kuosha sakafu siku ya Sabato, siku isiyoruhusiwa kazi? Hapa Hara, mtaa wetu wa Wayahudi?

Na nani mwingine kama si Odette? Mkaza mwana huyo alitoka Tunis, na watu wa Tunis, ilisemekana, huvuta sigara Sabato bila hata kujificha. Bi Khmisa akamnong'oneza jirani yake, Mbarka.

"Za mwizi arobaini, dada," Mbarka alisema. "Lala jicho moja wazi."

Sabato iliyofuata walikula mchuzi wa spinachi na maharagwe, uliokaa juu ya makaa tangu Ijumaa. Mwanawe akaenda sinagogi kusoma. Bi Khmisa akajilaza, akakoroma kwa makusudi, jicho kwenye upenyo wa pazia.

Kiti kikalia. Kisha sauti ya mumewe, ya chini sana: "Binti yangu, imenitokea tena."

"Si kitu, Baba. Inua miguu."

Odette akadondosha taulo kavu juu ya dimbwi, akaliacha linywe. Hakusugua. Akaliinua likichuruzika, akalitia beseni bila kulikamua, kama sheria ya Sabato itakavyo. Akanyunyiza matone ya maji ya maua, akampa mzee suruali safi, akageukia ukuta.

"Khmisa asijue," mzee akasema. "Miaka arobaini na sita ananiona mwanamume."

"Hatajua kwangu."

Bi Khmisa akauma mto. Wiki nzima wanawake waokao mikate kwenye tanuri la mtaa walimtazama binti huyu kwa pembe ya jicho, naye hakujitetea.

Alasiri Mbarka akaingia bila kubisha, macho chini. "Enhe! Kumelowa. Umemnasa?"

Mzee Fraji aliangalia magoti yake. Odette alisimama na sinia ya lozi. Bi Khmisa aliona wazi: kumsafishia binti jina ni kumvua nguo mzee.

"Ni mimi," akasema. "Mikono inanitetemeka siku hizi. Namwaga maji, mtoto wa watu anayakausha kwa taratibu zake zote, mimi naamka nimesahau. Halafu namsingizia."

"Wewe? Mikono?"

"Mimi. Kawaambie na wenzako wa tanurini, kama ulivyowaambia lile la kwanza."

Mbarka akaitazama ile mikono, akamtazama Odette, akamtazama mzee kwa muda mrefu zaidi. Hakuamini hata neno moja.

"Haya," akasema. "Mungu akuponye." Akaondoka polepole, akigeuka mara mbili.

Odette akaweka sinia mezani. "Mama, mbona mikono yako haina—"

"Nyamaza, mwanangu. Kaa hapa, tule."

Mzee Fraji hakuinua kichwa. Bi Khmisa akachagua lozi iliyo nene, akamtia mkononi, akaanza kumsimulia habari za harusi ya binamu yake.