Roho Inayodunda

Siku hizi Odette haamki kwa mkupuo. Anaketi kwanza kitandani, anashusha miguu, anashika ukuta, kisha anajiinua polepole, na bado moyo unamwenda mbio na macho yanaingia giza. Yamemkuta haya tangu kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, ilipomwangusha barabarani karibu na Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya huku Malawi anakoishi. Hakutoka damu hata tone. Alijikung'uta vumbi akapanda tena. Kichwa kikabaki kinauma mwezi baada ya mwezi, na zahanati ya kambini ikabaki inampa panado na pole.

Ubaya ni kwamba kazi yake ni ya kusimama. Ndiye mkataji katika karakana ya ushonaji ya kambini, na mara mbili ameangukia juu ya vitambaa vya sare za shule. Aliomba kiti kirefu tu. Ambroise, msimamizi, Mbukavu mwenzake, akamjibu mbele ya watu:

"Mama Cadeau, huku bantu banakata bakisimama. Docteur aseme uko mugonjwa, nitakupa kiti. Asiposema, kesho meza napatia Fortunée."

Basi akajibana, akalipa nauli iliyopanda tena, akafika hospitali moja ya Lilongwe kutafuta barua ya daktari ya kumpelekea Ambroise. Kwenye foleni alikaa sakafuni, mlinzi akamwamuru asimame kama wenzake.

Ndani alimkuta daktari kijana, na pembeni yake mkalimani Sinzinkayo, Mrundi, mzee wa kanisa, mtu mwema mwenye Chichewa cha kuombea maji.

"Nikisimama, roho inaniruka," Odette alimweleza. "Inapiga mbio sana. Jasho inatoka, macho inafanya giza. Na kichwa haiachi kuuma."

Kwao Bukavu, roho njo hiyo inayodunda kifuani. Sinzinkayo alitikisa kichwa kwa huruma, akamgeukia daktari, akamwaga Chichewa chake. Odette akanasa neno moja: mzimu. Alilijua. Majirani zake Wamalawi huliimba kila Jumapili wakimwita Roho Mtakatifu.

Daktari akatabasamu kidogo. Akamfunga mkanda mkononi, akambonyezea mashine. Presha sawa, mapigo sawa.

"Zili bwino," akasema, yaani hakuna shida, akaongeza maneno ambayo Sinzinkayo aliyaleta taratibu:

"Anasema mwili hauna kitu. Uende kwa mchungaji, akuombee."

Hasira ikampanda Odette. Ameombewa mpaka mafuta yakamchuruzika mashavuni, na hakupona. Aombewe mara ngapi mtu aliyeanguka na baiskeli?

"We baba, umemuambia niko na pepo?"

"Nimesema vile umesema. Roho."

"Roho ya hapa!" Akajipiga kifua, akamgeukia daktari mwenyewe kwa Chichewa chake cha sokoni. "Osati mzimu. Mtima!" Si pepo, ni moyo.

Daktari alinyoosha mkono kuufungua mkanda. Odette akauvuta mkono wake na kusimama, mkanda ukining'inia na mpira wake.

"Kaa, mama, watu wanasubiri," daktari akasema.

"Muambie amenipima nikikaa. Mi siangukake nikikaa! Anipime hivi."

"Mama Cadeau, daktari ni daktari," Sinzinkayo alinong'ona.

Odette akashika meza, akaupa moyo nafasi ya kufanya vituko vyake, kisha akakibonyeza kitufe mwenyewe. Hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Mkanda ukavimba. Mapigo, yaliyokuwa sabini na nane, yakaja mia moja na thelathini na moja.

Daktari aliitazama namba ile. "Mashine hii wakati mwingine hukosea," akasema.

"Basi abonyeze yeye."

Akabonyeza. Namba ikapanda zaidi. Kiti cha mgonjwa kilikuwa nyuma ya Odette, karibu kabisa, na alikitamani kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji. Hakukikalia.

"Kaa kwanza," daktari akasema, sauti sasa imeshuka, "ndipo niandike."

Sinzinkayo akatafsiri. Safari hii hakukosea.

"Aandike kwanza," Odette akasema, jasho likidondoka juu ya meza, "njo nikae."

Daktari akatafuta kalamu.