Mwenge wa Bati

Yahaya akipewa kipaza sauti hana breki. Siku ya mkutano wa chama mjini Tabora alisimama kama mwenyekiti wa ushirika wa mafundi redio, akaahidi kwamba kwenye maonyesho ya Saba Saba banda lao litakuwa na Mwenge wa Uhuru wa bati, wenye taa ya kuwaka na kuzima yenyewe, pasipo mkono wa mtu wala kitu cha kuagiza ng'ambo. Huko ndiko kujitegemea, alisema. Watu wakapiga makofi. Mafundi wake saba nao wakapiga, huku wakitazamana kwa pembeni.

Zilipobaki siku kumi, ushirika ulikuwa umepata njia moja tu: fundi Lugembe akae chini ya meza, afunikwe kitambaa, abonyeze swichi. Walijaribu. Lugembe, mtu wa Goweko, ana miguu mirefu na mafua yasiyokwisha, na kila alipopiga chafya Uhuru ulizimika.

Hapo ndipo Batuli, mjane wa fundi Twalibu, alipopiga hodi. Hakuja kusalimia. Tangu mumewe afariki, meza yake ya kazi, ile ya dirishani yenye mwanga mzuri, ilikuwa imekaa bure, na kanuni ilisema meza ya marehemu hurudi kwa wanachama. Lugembe alikwisha kuipima kwa shubiri mara mbili. Batuli aliitaka meza ile, na aliutaka uanachama, maana bila uanachama hakuna kugusa redio ya mteja.

"Shemeji," Yahaya alimwambia, kwani yeye na Twalibu walikuwa chanda na pete, "meza hii si ya kuchambulia mchele."

"Najua. Nipeni huo mwenge wenu."

Yahaya akacheka hadi kahawa ikampalia. Alipopata pumzi akasema haya, Alhamisi. Taa ikiwaka na kuzima yenyewe, meza ni yake. Isipofanya hivyo, Lugembe anahamia siku hiyohiyo.

Jambo ambalo mjini hakulijua mtu ni hili: macho ya Twalibu yalikuwa yamekufa kwa kazi ndogondogo miaka tisa kabla ya yeye mwenyewe kufa. Alipokea redio, akazitikisa, akazisikiliza, akatikisa kichwa kama daktari, kisha akazibeba kwenda nyumbani, ambako Batuli alizifungua nyuma ya pazia. Sifa zilifika Kigwa na Tura, zote za Twalibu. Batuli hakunung'unika. Alimpenda yule mzee, na kila jioni alimrudishia sifa zile moja moja, akimwigiza kila mteja kwa sauti yake. Sasa kusema ukweli kungekuwa kumwita mumewe mwongo mbele ya rafiki zake, naye hayupo kujitetea. Batuli aliona heri akose vyote.

Basi alichukua gramafoni ya harusi yao. Juu ya sahani yake aliweka duara la bati alilolikata meno pembeni, na kando akasimamisha ulimi wa shaba uliounganishwa na betri na balbu ya tochi. Sahani ikizunguka, jino likigusa ulimi, taa inawaka. Likipita pengo, inazima. Kila jino ni amri. Siku ya kwanza gramafoni ilikwenda mbio mno, taa ikatetemeka tu kwa kiherehere. Akaibana kwa kipande cha kandambili ya marehemu, ikatulia.

Alhamisi asubuhi aliiweka juu ya meza ya dirishani. Iliwaka, ikazima, ikawaka. Akazungusha mpini mpaka springi ikajaa, akavuka barabara mbio kuwaita wakubwa kwa muuza kahawa.

Lugembe akaingia kwa mlango wa nyuma. Ule mwenge wa bati ulikuwa bado umelala sakafuni. Alichokiona yeye ni balbu inayozimika-zimika juu ya meza atakayoirithi mchana. Kwamba mjane amefaulu, hilo halikumpitia akilini hata kidogo. Na Tabora taa ya namna hiyo ina ugonjwa mmoja tu, waya umelegea. Mkono wa fundi haujui kuipita taa mgonjwa. Akachukua waya, akauunga moja kwa moja toka betri hadi balbu.

Wakubwa wakaingia. Taa ilikuwa inawaka. Ikaendelea kuwaka.

"Kuwaka tumeona," Yahaya alisema. "Kuzima je?"

Batuli akaitazama sahani: ilikuwa bado inazunguka.

"Ilikuwa inazimika, mayo," Lugembe akamwambia mama huyo kwa fahari. "Nimeshaitengeneza."

Wale wengine wakashikana mbavu. Lugembe akajikuna kichwa, kisha akainama juu ya nyaya. "Lakini Mwenyekiti, lehemu hii naijua. Mafundo madogo, kama punje za uwele. Mkono wa Twalibu huu. Hakuna mwingine Tabora nzima."

Vicheko vikakatika. Yahaya akavua kofia, akaivaa tena. "Kumbe. Kazi ya marehemu. Shemeji, ungesema tu."

Wakamwonea huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko kicheko cha kahawa. Angeweza kunyamaza, akarudi nyumbani, na Twalibu akabaki bingwa. Batuli akamtazama Lugembe aliyekwisha kuegemea meza. Akasogeza jiko la mkaa, akatumbukiza chuma cha lehemu.

"Mwenyekiti, sema unataka iwake vipi."

Yahaya akafikiri jambo la kumshinda. "Mara tatu, haraka haraka. Ipumzike. Halafu mara moja, ndefu."

Akakata bati la kopo la samli mbele yao: meno matatu membamba, pengo, jino moja pana. Akang'oa waya wa Lugembe, akaulehemu ulimi upya, akazungusha mpini. Tatu. Giza. Moja ndefu. Wazee wazima wakahesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea. Lugembe peke yake hakuitazama taa. Aligusa fundo la lehemu, likamuunguza kidole.

"Bado la moto," alisema polepole. "Na ni lilelile."

Kila mmoja alikuwa na redio nyumbani iliyotengenezwa na Twalibu. Kila mmoja akaanza kuikumbuka ya kwake.

"Yangu ile iliyonyeshewa?" Yahaya akauliza.

"Mimi."

"Twalibu alikuwa akifanya nini?"

"Alisikiliza," Batuli akajibu, na machozi yakaja bila kuitwa. "Aliitikisa tu akajua ugonjwa wake, kabla mimi sijafungua skrubu. Macho yalimwacha. Sikio halikumwacha hata siku moja."

Yahaya alikuwa wa kwanza kucheka. Miaka tisa! Alicheka na kulia, akamlaani Twalibu kwa mapenzi, akawauliza wenzake kama kuna aliyewahi kuchezewa vizuri namna hii, na hakuna aliyemwita marehemu mwongo. Lugembe akaondoa mkoba wake mezani.

Kisha mwenyekiti, aliyemzidi Batuli miaka kumi na mitano, akasogea dirishani, akaiweka sawa kofia yake.

"Shikamoo, fundi."

Batuli alikuwa ameinama anapuliza mkaa. Akamaliza kupuliza kwanza.

"Marahaba," akasema.