Mstari Ulioshuka

Mama Mizani alikuwa amefeli mtihani wa uchumi mara moja, na hakuwa na mpango wa kuzoea. Jina hilo alipewa na wenye maduka. Kwa miaka kumi na tano alikuwa mkusanya bei wa ofisi ya takwimu. Kila mwezi alipita duka kwa duka na orodha ileile, na mkobani ana mizani ndogo, maana mwenye duka akisema bei ya mkate haijapanda, yeye huupima kwanza huo mkate. Mara ngapi ameukuta umekonda!

Sasa nafasi ya msimamizi ilikuwa wazi, na mkuu wa kitengo alimwambia bila kuzunguka: "Nakusubiri mpaka matokeo yatoke. Bila cheti cha uchumi, naajiri mtu wa nje." Wasimamizi wawili waliopita walikuwa watu wa nje, vyeti tele, na mmoja hakujua hata kuiwasha mizani. Mama Mizani alikuwa amechoka kuwafundisha kazi mabosi wake.

Mwaka uliopita alikariri tarakimu arobaini, akazimwaga zote kwenye karatasi, akatoka kifua mbele. Akaangukia pua. Safari hii alikuwa na mwalimu: binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Profesa, na ambaye alikuwa akijiandaa kwa mtihani huohuo.

"Mama, tarakimu peke yake haina kazi," Profesa alisema, akigonga meza kwa kalamu. "Sema ni ya mwaka gani, imetoka wapi, inaelekea wapi. Halafu malizia na 'kwa hiyo'. Maksi ziko kwenye 'kwa hiyo'."

"Haya, mwalimu."

"Mfumuko wa bei umetoka asilimia tisa hadi tano."

"Kwa hiyo bei bado zinapanda, ila mwendo umepungua."

"Safi! Wenzako wengi wangeandika bei zimeshuka."

Wakaenda hivyo wiki tatu, mama akimenya viazi, binti akiuliza. Ndipo wakafika kwenye mtihani mmoja wa zamani wenye chati ya fahirisi ya bei, yaani ile namba moja inayobeba bei za bidhaa zote. Mstari ulipanda hadi 187, na mwaka uliofuata ukaporomoka hadi 104.

"Hapa bei zilishuka karibu nusu," Profesa alisema bila wasiwasi.

Mama Mizani alicheka mpaka akavua miwani. "Mwaka ule? We mtoto, mwaka ule ulienda shule na viatu vya kaka yako! Hebu soma maandishi madogo hapo chini."

Hapo chini paliandikwa kwamba mwaka wa kizio, yaani ule unaohesabiwa kuwa 100, umebadilishwa. Mama akaeleza. Ofisi ilipanga upya kapu la bidhaa, ikatoa kaseti, ikaingiza vocha za simu, kisha ikaanza kuhesabu upya. Ile 187 ya zamani ndiyo 100 mpya, kwa hiyo 104 ni kupanda kwa asilimia nne. Orodha hiyo mpya aliizungusha yeye mwenyewe madukani, kwa miguu.

Profesa alifungua daftari lake. "Lakini majibu ya mwalimu wa tyusheni yanasema zilishuka. Na yeye ni msahihishaji wa mtihani huu, Mama. Swali hili likitoka, andika kama yeye, upate maksi zako."

"Mwalimu wako alikuwa ananunua mkate wapi mwaka ule?"

Siku ya mtihani likatoka kweli, swali la nne, maksi ishirini. Chini ya chati paliandikwa: "Chanzo: Ofisi ya Takwimu." Mama Mizani nusura acheke ukumbini. Chanzo kilikuwa kimekaa pale pale, kiti cha tatu kutoka dirishani. Kisha mkono ukasita. Karatasi hii ikiangukia mikononi mwa yule mwalimu, maksi zimekwenda, na usimamizi umekwenda nao. Aliogopa, tena sana. Lakini katika miaka yote ile hakuwahi kuandika bei ambayo hakuiona kwa macho yake, na hakuona sababu ya kuanza leo. Akaandika tarakimu, mwaka, chanzo, na mwisho kwa herufi kubwa: KWA HIYO BEI ZILIPANDA.

Nje, Profesa alimsubiri getini. "La nne umejibuje?"

"Zilipanda. Asilimia nne. Na wewe?"

"Mama, nina njaa, twende," binti alisema, akatangulia.

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili. Profesa aliyasoma kwenye simu, akamkumbatia mama yake mpaka miwani ikapinda. "Umefaulu! Daraja la pili!"

"Na wewe?"

"La pili." Alikuwa ameliwania la kwanza, na kila mtu pale nyumbani alilijua hilo. Machozi yakamlengalenga. "La nne niliandika zilishuka, Mama. Nilijua si kweli, nikaandika tu."

Mama Mizani aliinyoosha miwani yake. "Kwa hiyo?"

Profesa alicheka huku akipangusa machozi. "Kwa hiyo likizo hii nataka nizunguke na wewe madukani."

"Msimamizi habebi mizani," mama alisema, akaitoa mkobani na kumwekea binti yake kiganjani. "Anza na mkate. Na usiulize bei kabla hujaupima."