Jedwali la Shemeji

Msiniambie nitulie. Nimetulia sana katika ofisi ya shemeji yangu, mume wa dada, na kutulia huko ndiko kulikotufikisha wodini.

Tunatengeneza kurasa za mtandao. Shemeji hupanga kila kitu kwa majedwali: anachora visanduku, anashindilia maneno humo, hata picha ya ua ina kisanduku chake. Mimi huandika maneno kwa mfuatano wake, kisha safu, rangi na nafasi zote naziweka pembeni, kwenye faili la mitindo. Zahanati ilipotupa kazi, nikautengeneza ukurasa wao hivyo. Shemeji akaufungua kwenye kompyuta yake ya enzi za kale, safu moja ikasogea kidogo. Weee! Utadhani nyumba imeungua.

"Shemeji, ukurasa wako unacheza ngoma. Jedwali langu halitingishiki."

"Halitingishiki kwa anayeona. Wasioona husomewa na simu, na simu husoma kisanduku hadi kisanduku, inavuka safu. Si ndivyo anavyosomewa mama yako?"

"Mama ana masikio makali, mwache." Akacheka, akaufuta wangu, akaweka wake. Damu ilinichemka, lakini mwenye ofisi ni nani?

Basi jana mama yake, anayeugua kisukari, akajiandaa kwenda kliniki. Akafungua ukurasa wa zahanati kwenye simu asikie maelekezo. Kwa macho, ukurasa ulikuwa safi: kushoto kliniki ya kisukari, kulia vipimo vya tumbo. Simu ikavuka, kushoto kisha kulia, mstari kwa mstari: "Kliniki ya kisukari. Vipimo vya tumbo. Meza dawa zako kama kawaida. Usile chochote asubuhi." Mama wa watu akatii. Dawa akameza, chakula akaacha. Sukari ikashuka, akaanguka kwenye foleni.

Tulimkuta kitandani, dripu mkononi. Mnajua shemeji alisema nini? Hata pole hakutoa!

"Mama, hukusikiliza vizuri."

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikachukua simu ya mama, nikafungua ukurasa, nikamsogezea shemeji sikioni. "Haya, fumba macho, usikilize wewe."

Akataka kuisukuma, nikamshika mkono. Simu ikasoma, kwa ile sauti yake isiyo na aibu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Shemeji akairudisha mwanzo mwenyewe, akasikiliza tena.

"Ndio huo huo," mama akasema. "Mnamjua aliyeutengeneza?"

Nikamkazia macho shemeji. Haki ya Mungu, nisingemsaidia.

"Ni mimi, mama."

Mama akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mwanawe, akaushika.

"Mwanangu, tangu nizinduke namlaani mtu huyo. Nimewaambia manesi wote, huyu mama yake hakumlea."